Vidole Viziwi

Mama alikiona mara ya kwanza akiwa bado amesimama mlangoni, mkoba begani, vumbi la safari ya kutoka Busia halijamtoka. "Baba," akaniuliza, "hiki ni kinanda ama ni mpira wa lori?"

Sikumlaumu. Kilikuwa mezani pale, cheusi tititi, kirefu kama mkono wangu, na juu yake hamna funguo za kushuka na kupanda. Kuna mawimbi ya silikoni tu, yamepangwa kwa mpangilio uleule wa piano, lakini yameungana yote kama ngozi moja. Ukiminya kinabonyea kidogo, ukiachia kinarudi. Nikajaribu kumpigia. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa imezimwa, kilichosikika ni pu, pu, pu ya kidole kwenye mpira. Mama akasema amechoka, akaomba chai.

Kile ni Seaboard RISE ya funguo 25. Kilibuniwa London na kampuni ya ROLI, iliyoanzishwa na Mmarekani Roland Lamb; Seaboard ya kwanza kubwa ilionyeshwa mwaka 2013, hii ndogo ikatoka 2015. Changu si kipya. Dada yangu anayefanya kazi Dubai alikinunua kwa kijana aliyekuwa anahama nyumba, akakishusha Entebbe ndani ya sanduku, kimeviringishwa kwenye mashuka kama mtoto mchanga. Alikuwa amesikia nikilalamika kwa miaka kwamba kinanda changu kinanibana. Hilo la kubanwa nilikuwa nalisema tu, kama wapiga vinanda wengi wanavyosema. Sikujua kwamba aliyekuwa anakibana kinanda ni mimi.

Nimepiga kinanda miaka 14. Nilianzia kwaya ya kanisa kule Busia, nikaja Kampala, nikaingia bendi za harusi. Jumamosi kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kutambulishana kabla ya harusi; Jumapili ibada, katikati ya wiki mazoezi. Mkono wangu wa kulia una mbio, nasema bila kujisifu, ndiyo iliyonilipia kodi ya nyumba. Mwimbaji akivuta pumzi, mimi nimeshajaza hapo noti kumi na mbili. Watu wanapiga vigelegele, bwana harusi anarusha hela.

Basi usiku ule wa kwanza nikaunganisha laptopu, nikafungua programu ya sauti, nikachagua sauti ya fidla, nikaweka vidole kwenye wimbo ninaoweza kuupiga nikiwa nimelala. Ilisikika kama kwaya ya walevi. Kila akodi, yaani noti kadhaa zikilia pamoja, ilikuwa chungu. Nikadhani kifaa kimeharibika njiani. Nikapiga noti moja moja: safi. Nikapiga tatu pamoja: uchungu uleule.

Ilinichukua siku mbili kuelewa. Kwenye piano, kidole kikitua katikati ya ufunguo, kikitua ukingoni, kikitua kimelala upande, noti ni ileile. Nyundo imeshapiga waya na imeshaanguka. Kidole kilichobaki pale juu hakina kazi tena isipokuwa kushikilia au kuachia. Kwenye hii ngozi, kidole kikitua na kuviringika kidogo kwenda kulia, sauti inapanda. Kikiviringika kushoto, inashuka. Na mimi dole gumba langu hutua limelala, kidole cha mwisho hutua kimejikunja kama ndoano, cha kati ndicho pekee kinachosimama. Kwa miaka 14 vidole vyangu vilikuwa vinachezacheza baada ya kila noti na hakuna chombo kilichowahi kuniambia.

Nikafanya jambo la aibu. Upande wa kushoto wa kifaa kuna mistari mitatu ya kugusa, ambayo unaitelezesha kuongeza au kupunguza usikivu: mmoja wa kuteleza kushoto na kulia, mmoja wa kupanda na kushuka juu ya wimbi lenyewe, mmoja wa kukandamiza. Nikashusha ule wa kuteleza hadi chini kabisa. Akodi zikawa safi mara moja. Nilikaa hivyo mwezi mzima, nikijipongeza. Nilikuwa nimegeuza kifaa cha gharama kuwa kinanda kibovu cha mpira.

Kilichonitoa hapo ni aibu nyingine, kubwa zaidi, mbele ya kanisa.

Laptopu yangu ni ya mtumba. Ikibeba ile programu inachoka, sauti inaanza kukwaruza kama redio iliyopotea stesheni. Jumapili hiyo nikaona nitumie ujanja: kidole kipige Seaboard, laptopu ipitishe tu habari, na sauti zitoke kwenye kinanda kikubwa cha kanisa. Nikaunganisha waya, nikagusa noti mbili kabla ya ibada, zikalia. Sawa.

Ikafika sadaka. Wimbo wa taratibu, watu wanapita mbele na bahasha zao. Noti ya kwanza ikatoka piano. Ya pili ikatoka gitaa la besi. Ya tatu tarumbeta. Nikazidi kupiga, nikidhani itajirekebisha yenyewe, na hapo katikati ya utulivu ule ukatoka mlio wa ngoma, pa! Mama wa kwaya akageuka. Fundi mitambo akainua mikono kuonyesha kwamba si yeye. Nikahamia kinanda cha kanisa huku nyuma ya masikio yangu panawaka. Mchungaji alinipongeza baadaye kwa ubunifu, na hadi leo sijui kama alikuwa ananitania.

Maelezo yake ni haya, na mpiga kinanda yeyote anayefikiria kununua kifaa cha aina hii ayaelewe kabla ya kutoa hela. Vinanda vya umeme huzungumza kwa lugha ya MIDI, iliyoanza 1983. Lugha hiyo ina chaneli 16, na kwa kawaida mikono yako miwili yote hupita kwenye chaneli moja. Lile gurudumu la kupinda sauti lililo kushoto mwa kinanda, ukilisukuma, linapinda kila noti iliyo kwenye chaneli hiyo. Huwezi kupinda noti moja ya akodi ukaziacha nyingine. Kwa hiyo wabunifu wa vyombo hivi wakaja na njia ya kukipa kila kidole chaneli yake. Kidole hiki chaneli ya 2, kile ya 3, kinachofuata ya 4. Utaratibu huo unaitwa MPE, na chama cha watengenezaji wa vyombo vya MIDI kiliupitisha rasmi mwaka 2018. Lakini kinanda cha kanisa hakijui habari za MPE. Kinachojua ni kwamba chaneli ya 10 ni ya ngoma, tangu zamani, na kwamba chaneli nyingine zimebaki na sauti za wimbo wa mwisho uliopakiwa na mpigaji aliyekitumia Ijumaa. Vidole vyangu vilikuwa vinazungushwa kutoka chaneli moja hadi nyingine, na kilichoangukia 10 kikapiga ngoma. Noti mbili nilizojaribu kabla ya ibada hazikutosha kufika huko.

Na hata kama ngoma isingelia, kuteleza kusingesikika. Vyombo vya MPE kwa kawaida huhesabu mpindo kwa nusutoni 48 kila upande (nusutoni ni hatua ya ufunguo mmoja wa piano hadi jirani yake), kinanda cha kawaida huhesabu 2. Unateleza nusutoni nzima kwa moyo wako wote, kinanda kinasogeza sauti sehemu ya ishirini na nne ya hapo. Ni kama kumweleza mtu msiba wako kwa simu isiyo na mtandao.

Nilirudisha kifaa ndani ya mashuka yake. Kikakaa uvunguni wiki sita.

Kilichofuata hakikuwa na uhusiano wowote na Seaboard. Ngoma ya kanisa ilipasuka ngozi, nikatumwa Mpambire kununua nyingine. Waliopita barabara ya Masaka wanapajua: ukifika Mpigi, ngoma zimepangwa kando ya lami kubwa kwa ndogo. Nikiwa napatana bei, nikasikia endingidi nyuma ya kibanda. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda, chombo kimesimama mapajani. Endingidi ni uzi mmoja tu: kipande cha mti kilichochimbwa kama kopo, ngozi juu, fimbo, uzi na upinde. Nimezisikia maisha yangu yote kwenye kwanjula, mara nyingi nikiwa nazifunika kwa kinanda.

Siku hiyo nilitazama kidole. Kidole cha kushoto hakikandamizi uzi kwenye mti, kama kwenye gitaa. Kinaugusa tu, uzi ukiwa hewani, na kwa hiyo noti haina mahali palipochongwa pa kukaa. Inakaa pale ambapo kidole kimeamua, na kidole kikibadili mawazo inahama. Mzee alikuwa akianza noti chini kidogo ya pale anapokwenda, anapanda, anafika, anatulia, na baada ya kutulia ndipo mtetemo unaanza, polepole, kama mtu anayetikisa kichwa kukubali.

Alinisalimu kwa Kiswahili. Alikuwa askari ujanani, Kiswahili chake ni kile cha kambini, ambacho huku Buganda wazee wengi hawapendi kukisikia kwa sababu kinawakumbusha bunduki. Nikamwambia mimi ni mpiga kinanda. Akacheka.

"Piano iko kama kupiga hodi," akasema. "Wewe nagonga, halafu nangoja." Akauinua upinde. "Hii iko kama kushika mkono ya mtu. Wewe ukichoka, yeye nasikia."

Nilinunua ngoma, nikapanda taksi ya kurudi, ngoma mapajani, na njia nzima nikawa natikisa kidole juu ya ngozi yake. Kondakta alinitazama akaamua kutoniuliza.

Usiku huo nikakitoa kifaa uvunguni. Nikapandisha ule mstari wa kuteleza hadi juu kabisa, nikajiwekea sharti la noti moja kwa dakika kumi. Si wimbo wala akodi. Nilichagua sauti inayonyamaza usipokandamiza, nikaanza kuigusa bila kuipiga, kuijaza hewa taratibu kama mtu anavyopuliza moto wa mkaa usio na haraka, kuibeba, kuitetemesha, kuiachia. Nikajirekodi kwa simu, asubuhi nikasikiliza njiani kwenda kazini.

Kujisikiliza kulikuwa adhabu. Mtetemo wangu ulikuwa na mwendo mmoja, kama simu inayoita ndani ya mfuko. Nao ulianza mara tu noti ilipoanza, kwa woga, kana kwamba noti iliyotulia ni noti iliyokufa. Na mwisho wa kila noti nilikuwa naung'oa mkono. Hilo la mwisho lilinisumbua sana, kwa sababu Seaboard hupima hata kasi ya kidole kinapoondoka, na sauti niliyokuwa nimechagua ilikuwa inaguna kila nilipochomoka. Nikatambua nilikoitoa tabia hiyo: kwenye bendi, mpiga kinanda anaondoka haraka ili apishe akodi inayofuata. Kwa miaka 14 sikuwahi kusikia mkia wa noti zangu mwenyewe. Nilikuwa nimeshatoka chumbani.

Wiki ya tatu niliongeza noti ya pili. Kwenda kutoka moja hadi nyingine kuna njia nyingi. Unaweza kuruka. Unaweza kuteleza juu ya mawimbi yenyewe, ukihisi kila kilima chini ya kidole. Au unaweza kushuka kwenye ukanda laini ulio chini ya mawimbi, au kupanda ulio juu yake, ambapo hamna vilima kabisa, na kidole kinasafiri bila kizuizi kama mtumbwi Ziwa Viktoria siku isiyo na upepo. Huo ukanda nilikuwa nimeupuuza tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni pambo.

Kwa anayetaka kununua, niseme machache ninayoyajua kwa mikono yangu. Silikoni inapenda vumbi, na vumbi letu jekundu nalo linaipenda silikoni. Kitambaa chenye unyevu kidogo kabla ya kila onyesho, la sivyo kidole kinakwama katikati ya safari. Kidole chenye jasho nacho hukwama, na kumbi za harusi hazina kiyoyozi. Waya wa USB ni salama kuliko Bluetooth, kwa sababu kuchelewa kidogo tu kwa sauti kunamtosha mpiga ngoma kukuchukia. Hesabu bei ya kompyuta nzuri ndani ya bei ya chombo, maana bila hiyo una mpira tu. Na usiuze kinanda chako. Mimi bado napiga nyimbo tisa kati ya kumi kwa kinanda changu cha zamani, kwa sababu akodi nene za haraka kwenye silikoni ni mateso yasiyo na faida.

Pia si chombo pekee cha aina yake. Kuna Continuum ya Lippold Haken wa Illinois, iliyo tambarare kabisa, kitambaa laini kisicho na vilima hata kimoja. Kuna LinnStrument ya Roger Linn, yule aliyetengeneza mashine ya ngoma ya LM-1 mwaka 1980. Hiyo ni miraba 200 katika safu nane, na wapiga gitaa wanaielewa haraka kuliko sisi. Wafaransa wa Expressive E wana Osmose, yenye funguo za kweli zinazoshuka na pia zinazoyumba pembeni, na nadhani mpiga kinanda anayeogopa mpira angeanzia hapo. Sijamiliki hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo sitajifanya mtaalamu. Wazo lenyewe ni kongwe: Mfaransa Maurice Martenot alionyesha mwaka 1928 chombo cha umeme ambacho mpigaji aliweza kuteleza kwa pete iliyovikwa kidoleni.

Mara ya kwanza nilipokitoa hadharani tena ilikuwa kwenye kwanjula moja huko Mukono, senga, yaani shangazi, wa bibi harusi akiingia. Nilikuwa na noti sita. Nilizihesabu. Kiongozi wa bendi alinisogelea akaninong'oneza, "Ndugu, ongeza, tumelipwa." Sikuongeza. Mzee mmoja upande wa wageni aliinuka kidogo kwenye kiti, akachungulia jukwaani kumtafuta mpiga endingidi. Akaketi. Akachungulia tena.

Nikajiona nimefika, nikaamua kumpelekea yule mzee wa Mpambire. Nikabeba kifaa, laptopu, spika ndogo. Nikampigia kipande alichokuwa akikipiga siku ile. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Ya nne nakosea."

Nilijua noti anayoisema, na nilijua kwa nini. Klaus Wachsmann, aliyewahi kuongoza Jumba la Makumbusho la Uganda, alipima vyombo vya Kiganda na kukuta ngazi yao ya sauti tano imegawa oktavu karibu sawasawa. Oktavu, yaani kutoka noti hadi noti ya jina lilelile juu yake, ina senti 1200, vipimo vidogo vya sauti; ukiigawa kwa tano, kila hatua ni senti 240. Piano inahesabu kwa mia mia. Sauti ya pili inaangukia kati ya 200 na 300, kwa hiyo haina ufunguo. Ya tatu, 480, na ya nne, 720, ziko jirani sana na funguo za 500 na 700, kiasi cha kukudanganya. Nilikuwa nimejitahidi sana kuiweka ya pili na ya tano sehemu zake, kwa kuwa pale nilijua kuna hatari. Ya nne nilikuwa naiacha itue yenyewe juu ya wimbi, kwa mazoea, senti 20 chini. Sikio la mpiga piano linasamehe senti 20. La yule mzee halina sababu ya kusamehe.

"Nijaribu?" akauliza. Nikasogeza kigoda.

Hakuuliza do iko wapi. Hakutazama mawimbi hata kidogo. Aliweka kidole kimoja kwenye ukanda wa chini, akakandamiza, akasikia, akasogea, akasikia, akafika. Kikatulia. Halafu ule mtetemo, uliochelewa vilevile, polepole vilevile. Mwezi mzima nilikuwa nautafuta. Vijana wa vibanda vya ngoma wakaja kusimama nyuma yake.

Laptopu ikaonyesha chaji asilimia 6. Nikaomba radhi, nikakimbilia kwa muuza rolex, ile chapati ya mayai, ng'ambo ya barabara kumwomba soketi, nikawa navuta waya wa kurefusha kati ya boda boda mbili zilizoegeshwa. Sauti ikakatika nikiwa bado nimeinama. Nilipogeuka, kioo kilikuwa cheusi, vijana wameanza kutawanyika, na kidole cha mzee bado kinatikisika juu ya mpira.